Binti yangu ndiye anayemuonea mwenzake mtandaoni, nifanyeje?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tabata na mume wangu. Jambo hili nimeshindwa kumwambia hata dada yangu wa tumbo moja, ndiyo maana nakuandikia wewe.

Binti yangu mkubwa ana miaka 16, yuko kidato cha tatu, shule ya kutwa. Simu alinunuliwa na mjomba wake alipofaulu mtihani wa kidato cha pili. Shuleni hawaruhusiwi kwenda na simu, kwa hiyo yake anaishika jioni akirudi. Wiki iliyopita simu yangu iliisha chaji, nikaomba ya kwake nimpigie fundi. Nikiwa nayo mkononi, meseji zikawa zinaingia mfululizo kutoka grupu moja la WhatsApp linaitwa "Redio Mbao". Nikafungua.

Shangazi, humo ndani kuna watoto zaidi ya 40, wengi wa darasa lake. Anayezungumzwa ni mmoja tu, binti wa jirani yetu, ambaye anasoma nao. Mama yake anakaanga mihogo kituo cha daladala jioni, na huyo binti humsaidia. Mtu amempiga picha kwa mbali akiwa ameinama anapepea jiko, miguuni ana kandambili za rangi mbili tofauti. Ile picha wameitengeneza stika, imeandikwa "Bosi wa Mihogo". Mtu akiandika neno lolote, hata salamu, wanamjibu kwa stika ile. Nikapandisha juu kusoma ya nyuma. Nikaona wamefungua na akaunti ya Instagram kwa jina lake na picha yake, inawaandikia wanaume ikiwaomba nauli na hela ya vocha. Wanaume wakijibu, majibu yanapigwa picha na kuletwa kwenye grupu watu wacheke.

Admini ni binti yangu. Kuna voisi moja niliibonyeza nikidhani nitasikia mtoto wa mtu mwingine. Nikasikia sauti ya mwanangu, ileile inayoniambia "mama nimekufunikia chakula", inasema: "Kesho asijibiwe na mtu darasani. Akiuliza kitu kaeni kimya wote, tuone atafanyaje." Halafu akacheka.

Nilipomuuliza alisema ni utani tu, kwamba hata huyo mwenzao mwanzoni alikuwa anacheka nao, na ile akaunti hakuifungua peke yake. Kisha akaanza kulia, akaniomba nisimwambie baba yake. Nilimwambia. Mume wangu alifoka, akataka kuivunja simu. Alipotulia akasema tufute kila kitu na tukae kimya, haya ni mambo ya watoto yataisha yenyewe, na tukijipeleka kwa miguu yetu mtoto atafungwa.

Kinachonikosesha usingizi ni kwamba mama wa yule binti tuko naye kikoba kimoja. Jumamosi alieleza mbele yetu kuwa mwanawe wiki ya pili sasa haendi shule. Hali chakula vizuri, mchana kutwa kajifunika shuka, akisikia mlio wa meseji anashtuka. Amempima malaria, amempima taifodi, hakuna kitu. Sasa ameambiwa kuna mtu amemtupia jini, na ameshatoa hela kwa mganga. Wenzetu wakamwombea dua pale pale. Mimi nilikuwa nimekaa naye mkeka mmoja, nikaitikia amina.

Hatukumlea hivi mwanangu. Tumehangaika naye tangu mdogo. Kabla sijafungua duka nilikuwa nauza vitumbua kituo hichohicho, na yeye alikuwa akinisaidia asubuhi kabla ya shule. Madrasa amehitimu, heshima kwa wakubwa anayo. Sijui roho hii kaitoa wapi.

Naomba uniambie, nimwambie yule mama au nifuate ya mume wangu? Mwanangu atafungwa? Na simu niifanyeje?

Mama wa Tabata

*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Mwambie yule mama. Ukiweza leo, mwambie leo. Mengine yote nitayajibu, lakini hili halingoji, kwa sababu kuna mtoto kajifunika shuka kwa wiki ya pili na mama yake anatafuta ugonjwa mahali usipokuwepo. Watu wazima wanaojua kinachomsumbua ni wawili tu, wewe na mume wako. Kila siku mnayokaa kimya, mtoto yule anazidi kuamini kwamba watu wote wanamcheka na hakuna anayeona.

Dalili ulizozitaja si ngeni. Mwaka 2019 UNICEF ilitoa matokeo ya kura ya maoni ya vijana zaidi ya 170,000, wenye umri wa miaka 13 hadi 24, katika nchi 30. Mmoja kati ya watatu alisema amewahi kuonewa mtandaoni. Mmoja kati ya watano alisema amewahi kukosa shule kwa sababu ya uonevu huo. Mtoto anayeruka akisikia mlio wa meseji anaogopa kitu anachokijua kabisa, na majina yake anayo.

Ukifika kwa yule mama, mwombe amuulize mwanawe, kwa upole lakini bila kuzungukazunguka, kama amewahi kutamani kufa au kufikiria kujidhuru. Wazazi wengi wanaliogopa swali hili wakidhani litampa mtoto wazo. Halimpi. Mtoto aliyelemewa hupumua akiona kuna mtu mzima anayeweza kulitamka lile ambalo yeye anaona haya kulisema. Akisema ndiyo, au akinyamaza kwa namna ya kumtia mama wasiwasi, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kutoka Tabata, Amana si mbali. Ipo pia namba 116, simu ya huduma kwa mtoto. Haikatwi hela, na anaweza kupiga mzazi au mtoto mwenyewe.

Kuhusu mganga, usimkosoe. Mama anayehangaikia mwanawe anakwenda popote alipoambiwa kuna nafuu, na wewe huna haki ya kumsahihisha kwa lolote wiki hii. Mpe ukweli. Mwenyewe ataamua hela yake iende wapi.

Sasa namna ya kumwambia. Usimwambie kwenye kikoba, usimpigie simu, na usimtume mjumbe akutangulie. Nenda nyumbani kwake saa ambayo hayuko kwenye biashara. Mumeo akikubali, nenda naye. Akikataa, nenda na dada yako. Binti yako abaki nyumbani kwa safari hii ya kwanza, kwa sababu yule mtoto hajajiandaa kumwona na hatujui kama anataka. Usibebe zawadi wala bahasha. Hata ukiwa na nia njema, hela ikitangulia inaonekana ni ya kumfunga mtu mdomo. Na usianze kwa kuomba msamaha, maana ukianza hivyo yule mama atajikuta anakubembeleza wewe unayelia kabla hajajua kimempata nini mwanawe. Anza na habari yenyewe. Mimi ningesema hivi:

"Mama fulani, mtoto wako hana jini. Watoto wa darasani kwake wamemfungulia grupu la kumdhalilisha, wamesambaza picha yake, na wamefungua akaunti kwa jina lake. Aliyeanzisha ni binti yangu. Nimejua wiki iliyopita. Jumamosi nilikaa na wewe nikanyamaza, na hilo ni kosa langu mwenyewe. Nimekuja na ushahidi wote. Uamuzi ni wako, na utakaloamua sitakuzuia."

Kisha nyamaza. Anaweza kupiga kelele, anaweza kukufukuza. Majirani wanaweza kutoka nje kuangalia. Vumilia. Usimwombe asiende polisi, usimwombe asiseme shuleni, na usimkumbushe kwamba ninyi ni majirani wa siku nyingi. Hilo analijua, na ndilo litakalomuuma zaidi.

Mume wako amesema mfute kila kitu. Namwelewa, baba anataka kumkinga mwanawe, lakini ushauri huo ni mbaya kuliko yote aliyotoa, kuliko hata wa kuivunja simu. Mkifuta leo, stika ile itaendelea kuzunguka kwenye simu za watoto 40 waliokwisha kuihifadhi, na kitakachopotea ni uthibitisho wa yule binti kwamba hakuiandika yeye ile akaunti. Tena kufuta ushahidi kwa makusudi kunaweza kuwa kosa jingine juu ya lile la kwanza. Kwa hiyo kwanza pigeni picha za skrini: jina la grupu, orodha ya waliomo, stika, tarehe, namba zilizotuma, ukurasa wa ile akaunti na anwani yake. Ile voisi ihifadhini. Nakala moja ikae kwenye simu yako, nyingine apewe yule mama. Mkikuta humo picha yoyote ya utupu ya mtoto, hiyo msiinakili wala kuituma kwa mtu yeyote, hata kwa mwalimu. Iacheni ilipo, muwaonyeshe polisi kwenye simu hiyohiyo.

Hao wanaume wa Instagram wananitisha kuliko stika. Binti yako na wenzake waliwaona ni kichekesho. Lakini hao ni watu wazima ambao sasa wana jina na sura ya mtoto wa shule, wanaamini anawahitaji kwa ajili ya nauli, na akiwa kituoni jioni yuko mahali ambapo yeyote anaweza kumfikia. Mama yake lazima ajue hili kabla binti hajarudi kwenye jiko lile. Mazungumzo yao yote yahifadhiwe. Akaunti ifungwe na binti yako mwenyewe mbele yenu, kwa kuwa neno la siri wanalo yeye na wenzake, ila baada ya ushahidi kuwekwa salama. Wenzake wakikataa kuifunga, Instagram ina sehemu ya kuripoti akaunti inayojifanya mtu mwingine, na mzazi wa anayeigizwa anaweza kuripoti.

Binti yako anasema ni utani. Nataka mkae naye mlichambue neno moja moja, maana nadhani kwa sehemu anaamini anachosema. Dan Olweus, mtafiti aliyetumia miaka mingi Norway akichunguza uonevu wa shuleni, alitaja mambo matatu ya kuutambua: kuna nia ya kuumiza, jambo linarudiwarudiwa, na nguvu za pande mbili haziko sawa kiasi kwamba anayeumizwa hawezi kujitetea kirahisi. Serikali ya Norway iliamka kweli mwishoni mwa mwaka 1982, wavulana watatu walipojiua na uonevu ukatajwa kuwa chanzo, na mwaka uliofuata shule za nchi nzima zikaanzishiwa kampeni. Sasa chukua ile voisi. "Asijibiwe na mtu, tuone atafanyaje." Nia imo mlemle kwenye sentensi. Utani hauhitaji maelekezo ya usiku wa kuamkia shule.

Kurudiarudia mtandaoni kunakuja kwa sura nyingine. Binti yako anaweza kuapa kwamba stika aliituma mara moja. Ni kweli, lakini wengine 40 wameirusha kila siku, na kila mmoja anajiona katuma moja tu. Nguvu nazo hazionekani kwa misuli. Yule binti angeweza hata kuwa mrefu kuliko wote darasani. Nguvu alizonazo mwanao ni uadmini, wafuasi, simu nzuri, na kujua kwamba mwenzake hana bando la kuingia kujibu hata akitaka.

Na hilo la "mwanzoni alikuwa anacheka". Mwambie mwanao kwamba mtu aliyezungukwa na 40 hucheka. Ndilo jambo pekee lililobaki mkononi mwake, ajifanye hajaumia ili wachoke. Wewe na mimi tumewahi kucheka hivyo, kwa shemeji au kwa bosi. Darasani mwanao angeona kicheko kile kinavyokufa mdomoni. Kwenye simu haoni. Mwanasaikolojia John Suler alieleza mwaka 2004 jinsi watu wanavyolegeza breki wakiwa mtandaoni, na moja ya sababu alizozitaja ni hiyo, kwamba humwoni unayemsema na yeye hakuoni. Mtoto mpole wa kufunikia mama chakula anaweza kabisa kuwa yuleyule wa kwenye voisi. Hukulea watoto wawili. Ni mmoja, na upande mmoja wa maisha yake hakuna mtu mzima aliyewahi kuingia kumwonyesha anachofanya.

Hapa niseme na sisi wakubwa, kwa sababu tunapenda kuuliza watoto wametoa wapi. Sisi watu wa pwani kurushiana maneno tunakujua. Lakini mwanamke aliyevaa kanga ya kumsema jirani yake hakuandika jina, asiyehusika alipita bila kujua kitu, na aliyerushiwa aliweza kwenda Kariakoo akanunua ya kwake akajibu. Stika yenye sura ya mtoto haina hata kimoja cha hivyo. Na tabia hii watoto hawakuizua. Video ya mwanamke anavuliwa nguo barabarani ikifika kwenye simu zetu asubuhi, chai haijapoa tumeshaipeleka magrupu matatu, na tumeweka vikaragosi vya kucheka. Wanatuona. Kabla hujakaa na mwanao, pitia simu yako mwenyewe, na mumeo apitie yake.

Kuna mstari kwenye barua yako umeupita haraka, mimi nimeurudia mara kadhaa. Umesema uliuza vitumbua kituo hichohicho, na binti yako akikusaidia asubuhi. Leo una duka, yeye ana simu ya mjomba, na kati ya wanafunzi wote wa darasa lile amemchagua mtoto anayefanya alichokuwa akifanya yeye. Simjui mwanao na siwezi kuapa. Lakini muulize, mkiwa wawili tu, baba hayupo: enzi zile za vitumbua, kuna mtu aliwahi kukucheka? Walikuitaje? Kuna mwenzako darasani anayejua? Inawezekana anaogopa siku watu watakapokumbuka. Na mtoto mwenye hofu hiyo mara nyingi anakuwa wa kwanza kunyoosha kidole, ili macho yaende kwingine. Usimuulize kwa kumtafutia udhuru. Muulize kwa sababu kama ndicho chanzo, utakuwa umempata mahali pa kuanzia, na huenda umekuwa ukikwepa na wewe kuwaambia wageni kwamba lile duka lilizaliwa na vitumbua. Kama jibu lake ni hapana, na alifanya kwa sababu tu kuwa admini wa grupu linalochekesha kulimpa umaarufu, mwamini pia. Hilo nalo lipo, na ni la kawaida kuliko tunavyopenda kukubali.

Umeuliza kama atafungwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inakataza kumtumia mtu ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumsababishia maumivu ya moyo. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Sheria hiyohiyo inakataza kujifanya mtu mwingine mtandaoni. Kwa hiyo mumeo akisema ni mambo ya watoto, mwonyeshe kifungu. Upande wa pili, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mwanao kuwa mtoto kwa kuwa hajafikisha miaka 18. Shauri lake, likifika huko, husikilizwa kwenye mahakama ya watoto, na sheria hiyo inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo jela. Mahakama inaweza kumweka chini ya uangalizi, na kwa makosa mazito kumpeleka shule ya maadilisho. Sikuambii haya ili mlale usingizi. Nakuambia ili hofu ya jela isiwe sababu ya kumwacha mtoto wa watu gizani. Mkitaka mwanasheria wa kuwaeleza zaidi, TAWLA, chama cha wanasheria wanawake Tanzania, hutoa msaada wa kisheria kwa wanawake na watoto, nanyi muende mapema.

Simu isivunjwe. Ina ushahidi, na kuivunja kungemfundisha mwanao kwamba tatizo lilikuwa kwenye kioo. Mchukulie. Isirudi mpaka mambo haya yawe yamefanyika, na ikirudi, usiku ilale chumbani kwenu, na neno la siri mlijue. Mwambie hivyo waziwazi. Kumchungulia kwa siri kutamfundisha kujificha vizuri zaidi.

Lakini kabla hujaichukua, kuna kazi ya kufanya nayo. Ushahidi ukishahifadhiwa, aingie kwenye "Redio Mbao" kwa sauti yake mwenyewe, si kwa maandishi, kwa kuwa ni sauti ileile iliyowatuma. Aseme: mimi ndiye niliyeanzisha grupu hili, mimi ndiye admini, tulichofanya ni uonevu, naomba kila mmoja afute stika ile kwenye simu yake, na asitengeneze nyingine. Asitaje jina la mwenzake tena humo. Asiongeze "kama nimemkosea mtu". Awaache wasikilize hadi kesho yake, kisha afute anavyoweza kufuta, awatoe watu wote, grupu lifungwe. Mjue tu kwamba ujumbe ukishapita siku mbili hivi WhatsApp hairuhusu tena kuufuta kwa wote, na stika iliyohifadhiwa kwenye simu ya mtu haifutiki kwa mbali. Ndiyo maana kauli yake ina uzito kuliko kitufe. Wapo watakaomcheka, na pengine stika inayofuata itakuwa ya kwake. Msaidie kuibeba siku hiyo, upike anachopenda, ukae naye. Usimwepushe nayo.

Msamaha wa ana kwa ana usubiri mpaka yule binti aseme anautaka. Asipoutaka, basi. Kuna watu wazima watakaotaka kuwakutanisha haraka, washikane mikono, picha ipigwe, yaishe. Mtoto aliyekosa shule wiki mbili asilazimishwe kumshika mkono yeyote.

Shuleni nenda baada ya kuzungumza na mama yake, na kwa ridhaa yake. Anzeni na mwalimu wa malezi au mwalimu wa darasa. Waelezeni pamoja. Ombeni mambo ya kufanyika: yule binti achague anayetaka kukaa naye dawati moja, mwalimu ajue majina ya waliokuwemo, wazazi wa wale waliokuwa wakiwaandikia wanaume waitwe mmoja mmoja. Na mkatae kabisa binti yako au yeyote kuchapwa mstarini mbele ya shule nzima. Najua wako walimu watakaoona ndiyo dawa. Kumdhalilisha mtoto mbele ya watu mia kadhaa kwa kosa la kudhalilisha kutawapa wanafunzi kitu kipya cha kurekodi, na hasira zote zitamrudia yule aliyekuwa nyumbani.

Katika wale 40 wapo ambao hawakuandika chochote. Walisoma tu, na baadhi yao moyo uliwauma. Hao ndio mwalimu awatafute. Mtoto anayeonewa akipata hata mwenzake mmoja wa kumwandikia pembeni "nimeona, si haki, kesho nakusubiri getini", asubuhi yake inabadilika. Hawahitaji kupigana na mtu. Mwombe mwalimu awape watoto wawili watatu kazi hiyo kimyakimya, kuanzia siku yule binti atakaporudi, na aendelee kuwafuatilia hadi muhula uishe.

Yule mama akiamua kwenda polisi, Dawati la Jinsia na Watoto lipo vituoni na ndilo linaloshughulikia mambo haya. Mpe nakala zote, pamoja na voisi ya mwanao. Akikuomba umsindikize, msindikize. Akisema hataki kukuona, mtume dada yako ampelekee nakala hizo, naye aache namba yako ya simu ili mpelelezi akikuhitaji akupate.